Majirani Waliosusiana: Funzo kutoka Mpaka wa Colombia na Venezuela

Mwishoni mwa Agosti 2015 watu walivuka mto Táchira wakiwa wamebeba nyumba zao mgongoni. Walibeba majokofu, magodoro, vitanda, mabati, milango iliyong'olewa pamoja na bawaba zake, na kuku ndani ya matenga. Mto ule si wa kina kirefu, maji yaliwafika magotini na wengine mapajani. Walikuwa Wacolombia waliokuwa wakiishi upande wa Venezuela, wengine kwa miaka mingi, wengine wakiwa na watoto waliozaliwa hukohuko. Katika kitongoji kimoja cha San Antonio del Táchira askari walipita nyumba kwa nyumba wakiandika herufi ukutani: R kwa nyumba iliyokwisha kukaguliwa, D kwa nyumba itakayobomolewa. Waliofukuzwa rasmi walizidi 1,000. Walioondoka wenyewe kwa hofu walikaribia 20,000.

Jirani na hapo palikuwa na Daraja la Simón Bolívar, daraja imara linalounganisha nchi hizo mbili tangu miaka ya 1960. Siku zile lilikuwa limefungwa, na askari wamesimama juu yake.

Ndugu msomaji, naisimulia habari hii kwa kuwa haikuanza siku ile mtoni. Ilianza miaka kumi nyuma, mchana kweupe, dalili moja baada ya nyingine, na kila dalili ilikuwa na watu waliosema kwamba itapita. Mimi na wewe tungekuwepo, huenda tungesema vivyo hivyo.

Kwanza tujue ni majirani wa namna gani. Colombia na Venezuela ziliwahi kuwa nchi moja. Simón Bolívar, mzaliwa wa Caracas, aliziunganisha mwaka 1819, na Venezuela ikajitoa mwaka 1830. Bendera zao hadi leo zina rangi zilezile tatu: njano, buluu na nyekundu. Mpaka wao una urefu wa kilomita zaidi ya 2,200, unapita jangwani, milimani na msituni, na katika sehemu nyingi hakuna kinachouonyesha isipokuwa ramani. Miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda, Wacolombia kwa malaki walikwenda Venezuela kutafuta kazi, na baadaye wengi zaidi wakakimbilia huko kuepa vita vya kwao. Mtu wa Cúcuta, mji wa Colombia uliopo karibu na daraja lile, alikuwa na shangazi San Antonio, duka la kununua petroli rahisi San Antonio, na wateja wake wote kutoka San Antonio. Kuvuka hakukuwa safari. Kulikuwa kama kwenda sokoni.

Biashara nayo ilikuwa kubwa. Mwaka 2008 Colombia iliiuzia Venezuela bidhaa za thamani ya dola bilioni 6: nguo, magari, nyama, maziwa, mayai, dawa, vipodozi. Baada ya Marekani, hakuna nchi iliyonunua zaidi kwa Colombia. Viwanda vya Medellín na Bogotá vilitegemea oda za Caracas, na jikoni za Caracas zilitegemea malori yaliyovuka Táchira.

Sasa tuzitazame dalili.

Ya kwanza ilitokea Desemba 2004. Rodrigo Granda, aliyekuwa msemaji wa FARC, waasi wa Colombia, katika nchi za nje, alikamatwa Caracas na kupelekwa Colombia. Ikajulikana kwamba serikali ya Rais Álvaro Uribe wa Colombia ilikuwa imelipa fedha ili akamatwe, ndani ya mji mkuu wa jirani, bila jirani kuarifiwa. Rais Hugo Chávez wa Venezuela alikasirika, akamwita balozi wake nyumbani, na akasimamisha makubaliano ya biashara. Malori yakapanga foleni mpakani. Wakubwa wa nchi nyingine wakaingilia kati, na Februari 2005 marais hao wawili wakakutana Caracas, wakapeana mikono, mambo yakaisha.

Hapo ndipo penye kosa la kwanza, nalo lilifichwa na furaha ya kupatana. Hakuna aliyeuliza: je, waasi wakionekana tena ng'ambo ya mpaka, nani atampigia nani simu? Ni ofisi gani itakayopokea malalamiko kabla hayajafika kwenye televisheni? Na je, tunakubaliana kwamba ugomvi wa siasa hautagusa tena malori? Maswali hayo matatu yangeweza kujibiwa kwa karatasi mbili zilizotiwa saini. Hayakujibiwa, kwa sababu kila mmoja aliona kwamba urafiki wa wakubwa umetosha.

Dalili ya pili ilikuwa ya kimya zaidi, nami naiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote. Aprili 2006 Chávez alitangaza kwamba Venezuela inajitoa katika Jumuiya ya Andes, umoja wa kiuchumi uliozileta pamoja Bolivia, Colombia, Ecuador, Peru na Venezuela. Sababu aliyoitoa ni kwamba Colombia na Peru zilikuwa zimefikia makubaliano ya biashara huria na Marekani. Jumuiya ile ilikuwa na kanuni za forodha, na ilikuwa na mahakama yake mjini Quito ambako nchi mwanachama ingeweza kulalamika ikionewa. Kujitoa kulimaanisha kuacha mahakama hiyo na kubaki na neno la rais peke yake.

Lakini hakuna aliyeumia siku ile. Kanuni za umoja huo zilisema kwamba anayeondoka ataendelea na nafuu za ushuru kwa miaka mitano, kwa hiyo malori yaliendelea kuvuka kama kawaida. Bei ya mafuta ilikuwa juu, Venezuela ilikuwa na fedha, ikanunua na kununua. Mfanyabiashara wa Cúcuta aliyetazama daftari lake mwaka 2006 na 2007 aliona faida inapanda. Ungemwendea ukamwambia kwamba nguzo ya nyumba imekwisha kung'olewa, angekuonyesha mauzo yake. Nani kati yetu angemlaumu? Mambo yanapokwenda vizuri ni vigumu sana kuuliza yanashikiliwa na nini.

Kisha ikaja Novemba 2007. Uribe alikuwa amemruhusu Chávez kuwa mpatanishi wa kuwakomboa mateka wa FARC, halafu akaivunja kazi hiyo ghafla. Wakatukanana hadharani, na Chávez akatangaza kwamba uhusiano umewekwa kando. Machi 1, 2008 ndege za Colombia zilishambulia kambi ya FARC huko Angostura, ndani ya ardhi ya Ecuador, na kumuua mmoja wa viongozi wa waasi hao, Raúl Reyes. Ecuador ikavunja uhusiano na Colombia. Chávez naye, ingawa ardhi yake haikuguswa, akamwamuru waziri wake wa ulinzi, mbele ya kamera, apeleke vikosi kumi mpakani. Siku chache baadaye, katika mkutano wa marais Santo Domingo, wote wakapeana mikono tena na kutabasamu.

Na mwaka huohuo wa vikosi kumi ndio mwaka ambao biashara kati ya nchi hizo mbili ilivunja rekodi. Hiyo ndiyo hatari iliyowapoteza. Viongozi walijifunza kwamba wanaweza kutukanana, kuita mabalozi nyumbani, hata kutaja vita, na mwisho wa mwezi hakuna bili inayokuja. Wananchi walijifunza hivyo pia, wakawashangilia.

Bili ilikuja mwaka 2009. Julai Colombia ilisema kwamba katika kambi ya FARC yamepatikana makombora ya kulipulia vifaru yaliyotengenezwa Sweden na kuuzwa kwa jeshi la Venezuela. Wakati huohuo ilijulikana kwamba Colombia inajadiliana na Marekani ili majeshi ya Marekani yatumie kambi saba za Colombia. Chávez akaisimamisha tena biashara, na safari hii hakurudi nyuma upesi. Serikali yake ikaanza kununua Argentina, Brazil na kwingineko vile vitu ilivyozoea kununua ng'ambo ya daraja. Mauzo ya Colombia kwenda Venezuela yalishuka kutoka dola bilioni 6 mwaka 2008 hadi bilioni 4 mwaka 2009, kisha hadi bilioni 1.4 mwaka 2010. Hakukuwa tena na mahakama ya Quito ya kukimbilia. Wauzaji ambao tayari walikuwa wamepeleka mali walibaki na madeni, wakisubiri Caracas iwaruhusu kulipwa kwa dola.

Upande wa pili nao uliumia, tusiusahau. Nyama kutoka Brazil husafirishwa kwa meli, huwekwa kwenye majokofu ya bandari, hupitia mikono mingi. Kile kilichofika kutoka Cúcuta kwa lori asubuhi moja sasa kilifika baada ya wiki kadhaa, kwa bei kubwa zaidi. Watu wa Venezuela walikuja kuujua uzito wa jambo hilo fedha za mafuta zilipopungua.

Julai 22, 2010, zikiwa zimebaki wiki mbili Uribe aondoke madarakani, balozi wake katika Jumuiya ya Nchi za Amerika alionyesha picha na ramani akidai kwamba waasi wapatao 1,500 wa Colombia wamepiga kambi Venezuela. Siku hiyohiyo Chávez akavunja uhusiano kabisa.

Niseme wazi hapa, maana haki ni lazima itendeke. Kila upande ulikuwa na malalamiko ya kweli. Nchi inayopigana na waasi haiwezi kufurahi kuona waasi hao wanapumzika ng'ambo ya mpaka. Na nchi ambayo mtu amekamatwa kwa fedha ndani ya mji wake mkuu haiwezi kuambiwa inyamaze. Kukasirika hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kwamba kila hasira ilipopanda, kitu cha kwanza kukatwa kilikuwa kile ambacho kingesaidia kuitatua: balozi, konseli, kamati ya pamoja ya mpaka, simu ya kamanda kwa kamanda. Sisi nasi hushangilia tukisikia kiongozi wetu amemfukuza balozi wa jirani. Tunasema amesimama imara. Tujichunge hapo.

Rais mpya wa Colombia, Juan Manuel Santos, aliapishwa Agosti 7, 2010, na siku tatu baadaye alikutana na Chávez Santa Marta, katika shamba ambako Bolívar alifia. Uhusiano ukarudishwa, kamati tano za pamoja zikaundwa, kuanzia za madeni na biashara hadi za usalama. Matunda yake yalionekana: Venezuela ilisaidia kuwaleta FARC kwenye mazungumzo ya Havana, na mwaka 2016 mkataba wa amani ukatiwa saini ili kumaliza vita vya zaidi ya miaka hamsini. Hili linatosha kuonyesha yaliyowezekana pale majirani hawa walipokubali kukaa meza moja.

Lakini chini ya urafiki ule kulikuwa na ufa mwingine, na huu hakuna aliyeuziba. Venezuela iliuza petroli kwa bei ya kutupa, kiasi kwamba kujaza tangi la gari kulikuwa nafuu kuliko kununua chupa ya maji. Unga, mafuta ya kupikia na maziwa navyo viliwekewa bei ya serikali, huku thamani ya fedha yake ikiporomoka kwenye soko la magendo. Kando ya barabara za Cúcuta wachuuzi walikaa kwenye jua na madumu ya plastiki, mrija wa kunyonyea mdomoni, wakiuza petroli iliyovushwa usiku. Waliovusha hawakuwa wachuuzi hao. Walikuwa makundi yenye silaha, nayo yalipitia njia za panya zilizokatiza mto, huku baadhi ya askari wa pande zote wakichukua chao. Agosti 2014 Venezuela ilianza kufunga mpaka usiku. Hiyo nayo ilikuwa dalili, ya wazi kabisa. Badala ya marais kukaa na kusawazisha bei ya petroli pande mbili za mto, kila mmoja aliutupia upande wa pili lawama.

Agosti 19, 2015 askari wa Venezuela walishambuliwa San Antonio katika msako wa magendo, na kujeruhiwa. Rais wa Venezuela wakati huo, Nicolás Maduro, akafunga daraja. Ndipo tukawaona wale watu na majokofu mtoni.

Daraja lilikaa bila malori kwa miaka saba, isipokuwa vipindi vifupi. Julai 2016, njaa ikiwa imewabana Wavenezuela, mamia ya wanawake waliovaa nguo nyeupe waliupita kwa nguvu mstari wa askari, wakavuka hadi Cúcuta, wakanunua unga, sukari na karatasi za chooni, wakarudi na mifuko kichwani. Baadaye wenye miguu waliruhusiwa kupita. Nao walipita, wengi bila kurudi. Colombia, ambayo zamani ilipeleka watu wake Venezuela kutafuta riziki, leo inahifadhi Wavenezuela wapatao milioni 2.8.

Kisha Februari 2019 wakakata kila kitu. Colombia ya Rais Iván Duque ilikuwa imemtambua Juan Guaidó, kiongozi wa upinzani, kuwa rais wa Venezuela, na kuruhusu malori ya misaada yakusanyike mpakani ili yaingie kwa nguvu ya umma. Maduro aliziba daraja la mpakani la Tienditas kwa makontena. Februari 23 malori mengine yakateketea kwa moto kwenye daraja jingine, na siku hiyo Maduro akavunja uhusiano na kuwapa wanadiplomasia wa Colombia saa 24 kuondoka. Ofisi za konseli zikafungwa pia.

Nataka tukae kidogo kwenye neno konseli, kwa sababu ndilo tunalolipuuza. Balozi hukutana na mawaziri. Konseli hukutana na mama aliyepoteza pasipoti, na mzee anayehitaji cheti ili alipwe pensheni, na ndugu wa mfungwa. Ofisi za konseli zilipofungwa, watoto waliozaliwa Colombia na wazazi wa Kivenezuela hawakuweza kuandikishwa kwa taifa la wazazi wao, na sheria ya Colombia haikuwapa uraia kwa kuzaliwa tu pale. Kufikia Agosti 2019 walikuwa zaidi ya 24,000, watoto wachanga wasio na nchi. Serikali ya Duque, na hapa inastahili sifa, ikaamua kuwapa uraia wa Colombia. Lakini watoto 24,000 walipaswa kuokolewa kutokana na ugomvi ambao hata mmoja wao hakuwa amezaliwa ulipoanza.

Na usalama, ule uliotolewa kama sababu ya kufunga mpaka? Njia za panya zilijaa. Mtu aliyekuwa akivuka daraja bure sasa alilipa kundi lenye bunduki ili apite, na aliyebeba bidhaa akalipa zaidi. Waasi wa ELN, mabaki ya FARC waliokataa mkataba, na magenge kama Tren de Aragua yaligawana vivuko. Machi 2021 jeshi la Venezuela lilipigana na mabaki ya FARC katika jimbo la Apure. Zaidi ya watu 5,000 wakakimbilia Arauquita, upande wa Colombia, askari wa Venezuela wakauawa na wengine wakatekwa, na serikali hizo mbili hazikuwa na mlango wa kuongea. Ziliongea kwa kulaumiana kwenye televisheni, huku watu wakilala kwenye mahema.

Gustavo Petro alipoingia madarakani Colombia Agosti 2022, mabalozi walirudi mwezi huohuo, na Septemba 26 malori yakavuka tena Daraja la Simón Bolívar. Januari 2023 daraja la Tienditas, lililokamilika tangu 2016 na kutotumika hata siku moja kwa kazi yake, likafunguliwa rasmi. Yapo pia mambo yanayonipa moyo. Uchaguzi wa Venezuela wa Julai 2024 ulipozusha utata, Colombia ilikataa kuutambua ushindi wa Maduro bila kuonyeshwa karatasi za matokeo, lakini haikumwondoa balozi wala haikufunga mpaka. Januari 2025, vita vya ELN vilipofukuza zaidi ya watu 50,000 kutoka Catatumbo, eneo la Colombia lililo karibu kabisa na mpaka, nchi hizo mbili angalau zilikuwa na namba za kupigiana. Kumbe inawezekana kutokukubaliana na jirani na bado ukabaki na mlango wazi.

Ila kilichopotea hakijarudi. Mwaka 2024 Colombia iliiuzia Venezuela bidhaa za kiasi cha dola bilioni 1. Viwanda vilivyofungwa havifunguliwi kwa kupeana mikono, na wateja waliozoea bidhaa za Brazil, Uturuki au China hawarudi kwa siku moja.

Sisi tulio na ndugu, mashamba au wateja ng'ambo ya mpaka wowote ule, tuwaombe viongozi wetu mambo machache wakati bado kuna amani, kwa kuwa ugomvi ukishaanza hakuna atakayetusikiliza. Waandike kwamba ofisi za konseli hazitafungwa hata balozi akiitwa nyumbani. Kamati za mpaka ziwe na ratiba ya vikao isiyotegemea nani ni rais. Makamanda wa pande zote wajuane kwa majina. Na kesi za biashara ziende mahakamani, kwenye mahakama ambayo hakuna rais anayeweza kujitoa kwa tangazo la jioni moja. Siku kiongozi atakaposimama kwenye jukwaa na kusema amemkata jirani, tusimpigie makofi kabla ya kumuuliza nani amebaki upande wa pili wa kupokea simu yetu.